London, Liverpool au Glasgow: mji upi wa makumbusho ukiwa na siku chache Uingereza

Ndugu anayekuja Uingereza kwa wiki mbili huwa ameshazigawa siku zake kabla hajapanda ndege: za harusi au mahafali yaliyomleta, za kusalimia watu, za madukani. Hubaki siku mbili au tatu, na hizo ndizo anazoniulizia. Nimeishi huku miaka mingi, nimepokea wageni kutoka Dar, Tanga, Mombasa na hata Bujumbura, na wengi wao nimewapeleka makumbusho. Wengine walirudi nyumbani wakisimulia wiki nzima. Wengine niliwachagulia mji usiowafaa, nikaligundua hilo tukiwa bado ndani, pale mgeni anapoacha kutazama vitu na kuanza kutafuta benchi.

Hapa nalinganisha miji mitatu ninayoijua vizuri, London, Liverpool na Glasgow, kisha mingine nitaigusa kwa ufupi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwenye siku mbili tu, hasa akiwa na watoto au mzazi mtu mzima, asidhani kuwa London ni lazima. Na anayetaka kuona habari za upande wetu wa Afrika zikisimuliwa kwa heshima, upo mji mdogo nje ya Glasgow ambao wageni wetu karibu wote huupita bila kujua.

Pesa kwanza

Tangu Desemba 2001, makumbusho ya kitaifa huku hayatozi kiingilio kwa kumbi zake za kudumu. Hayo ni pamoja na British Museum, Natural History Museum, Science Museum, V&A na National Gallery kwa upande wa London, na makumbusho ya kitaifa ya Liverpool. Glasgow makumbusho makubwa ni mali ya jiji, nayo pia ni bure. Wageni hawaamini mpaka wapite mlangoni. Kuna sanduku la mchango: ukiweka umeweka, usipoweka hakuna atakayekusimamisha. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu ya muda, makumbusho ya watu binafsi, na baadhi ya meli na majengo ya kihistoria.

Bure hiyo ina faida ambayo watu hawaitumii. Kwa kuwa hukulipa, huna deni la kumaliza jengo zima. Ingia dakika 40, ona vitu vitano ulivyokusudia, toka ukale, rudi baadaye kama hamu ipo. Nimemwona mtu amesafiri kutoka Moshi hadi London akajilazimisha kupita kila chumba kwa saa sita, na mwisho wake hakukumbuka hata kimoja.

Gharama halisi ni nauli, malazi na chakula. London malazi ni ghali mno, na usafiri wa ndani ya jiji ni wa kila siku. Liverpool ukishuka kituo cha Lime Street unavuka barabara na dakika chache tu uko World Museum. Kutoka hapo hadi majini kwenye makumbusho ya jiji ni mwendo wa miguu wa dakika 20 hivi. Glasgow kuna treni ya chini ya ardhi yenye njia moja tu inayozunguka kama pete, vituo 15, haipotezi mtu. Ila kufika Glasgow kutoka London kwa treni ni kama saa nne na nusu, na tiketi ukiinunua siku ile ile ya safari itakuumiza. Inunue wiki kadhaa kabla, au panda basi la usiku kama mgongo wako unavumilia. Liverpool ni saa mbili na robo hivi kutoka London, kwa hiyo anayetaka anaweza hata kwenda na kurudi siku moja.

London: wingi, na umbali kati ya wingi huo

Hakuna mji wowote hapa unaoweza kushindana na London kwa idadi na ukubwa wa mikusanyo. British Museum ilianzishwa na Bunge mwaka 1753 kutokana na vitu vilivyokusanywa na daktari Hans Sloane, ikafungua milango 1759. Sehemu ya utajiri wa Sloane ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa, na siku hizi makumbusho yenyewe yanalisema hilo ukutani.

Watu wote hukimbilia Jiwe la Rosetta na maiti za Misri zilizokaushwa. Nakushauri uanze chini, ukumbi wa 25, ambako ndiko kumbi za Afrika. Huko kuna mti mkubwa uliotengenezwa na wasanii wa Msumbiji kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vyao: shina, matawi, majani, vyote ni vipande vya silaha. Mgeni wangu mmoja aliyekulia Mtwara, karibu na mpaka, alisimama mbele ya mti ule muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Huko chini ndiko pia ziliko shaba za Benin, yaani sanamu na vibao vya ufalme wa kale wa Benin ulio ndani ya Nigeria ya leo, zilizoporwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897. Nigeria inazidai, na makumbusho hujibu kwa sheria ya 1963 inayoyabana sana yasiachie vitu vyake. Nenda ukizijua habari hizi, maana vitu vile vilivyo vizuri vinaumiza kuvitazama, na ni haki viumize.

Kwa Mtanzania kuna mawili ya kutafuta. La kwanza ni jiwe la kukatia kutoka Oldupai, lililopatikana katika safari ya Louis Leakey ya 1931. Umri wake ni karibu miaka milioni 1.8, na ni miongoni mwa vitu vya kale kuliko vyote vilivyotengenezwa kwa mkono wa binadamu katika jengo lile. La pili ni vigae vya vyombo vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani mwaka 1948: vya kijani kutoka China, vya buluu kutoka nchi za Kiislamu za Mashariki ya Kati, na vya udongo vya kwetu wenyewe, vyote kwenye rundo moja. Kabla hujaenda, tafuta kitu unachokitaka kwenye orodha ya mtandaoni ya makumbusho, kwa sababu huandikwa kama kiko ukumbini au kiko stoo, na vitu huhamishwa.

Nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa Kilwa. Vigae havikuwa nje siku hiyo, nikamwonyesha picha kwenye simu tukiwa tumekaa chini ya paa lile la vioo la ukumbi wa kati.

"Hivi?" akauliza. "Mwanangu, hivi tulikuwa tukivirusha majini tuone kipi kinaruka mara nyingi."

"Shikamoo Shangazi," nikamwambia, maana sikuwa na neno lingine.

"Marahaba. Na bado vipo. Maji yakitoka vinaonekana."

Nimelisimulia hili kwa sababu ndilo jambo ambalo London inalitoa kuliko miji mingine yote: kukutana na kitu cha kwenu mbali kabisa na kwenu. Liverpool na Glasgow hazina Oldupai.

Ukiwa na watoto, nenda South Kensington. Natural History Museum, Science Museum na V&A ziko jirani kabisa, unahama moja hadi nyingine kwa miguu. Jengo la Natural History la 1881 peke yake linatosha kumfanya mtoto afungue mdomo: ukiingia ukumbi mkuu unakuta mifupa ya nyangumi wa buluu, urefu mita 25.2, imening'inizwa darini kana kwamba anapiga mbizi kukujia. Humo pia limehifadhiwa fuvu la Kabwe lililochimbwa mwaka 1921 katika nchi ambayo leo ni Zambia, nayo Zambia imekuwa ikilidai kwa miaka mingi. Epuka likizo za shule. Foleni za siku hizo, pamoja na watoto wenye njaa, humaliza furaha yote kabla hujafika ndani.

Makumbusho ya London ninayoyapenda kuliko yote hayamo kwenye orodha za wageni. Ni London Museum Docklands, upande wa mashariki, kituo cha West India Quay. Jengo lenyewe ni ghala la mwaka 1802 lililojengwa kuhifadhia sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Ndani, tangu 2007, kuna ukumbi unaosimulia biashara ya watumwa kupitia ghala hilo hilo ulimosimama. Nje palikuwa na sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyeongoza ujenzi wa gati zile na mwenye kumiliki watumwa. Iliondolewa Juni 2020. Pana utulivu, wageni si wengi, na unaweza kusoma kila kitu bila kusukumwa. Kusini mwa jiji kuna Horniman, bustani nzuri na makumbusho ya kifamilia, ambayo mwaka 2022 yalihamishia Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin. Linganisha hilo na jibu la British Museum, utaona kwamba ndani ya jiji moja misimamo inatofautiana.

Kasoro ya London ni mwendo. Kutoka British Museum hadi Docklands, halafu Horniman, umemaliza siku nzima chini ya ardhi na juu ya mabasi. Mgeni wa siku mbili achague eneo moja kwa siku, asijaribu zaidi. Na Ijumaa British Museum hubaki wazi hadi saa mbili na nusu usiku. Saa zile za jioni ndizo bora kuliko zote, makundi ya shule yameshaondoka.

Liverpool: mji ninaoupenda, lakini subiri kidogo

Miaka yote nilikuwa nikiwapeleka wageni Liverpool kwa sababu moja: International Slavery Museum, iliyofunguliwa 23 Agosti 2007, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya watumwa. Ilikuwa kwenye orofa ya jengo la makumbusho ya bahari, Royal Albert Dock, hatua chache kutoka gati ambako meli za biashara hiyo zilikuwa zikikarabatiwa na kuandaliwa kwa safari. Makumbusho hayo mawili yamefungwa tangu mwanzoni mwa 2025 kwa ujenzi mkubwa wa miaka kadhaa. Angalia tangazo lao kabla ya kukata tiketi. Kama sababu yako ya kwenda Liverpool ni hiyo, kwa sasa Docklands ya London itakufaa zaidi.

Jambo moja nalisema hapa kwa sababu limewavunja moyo wageni wangu zaidi ya mara moja. Kumbi hizi za utumwa, za Liverpool, London au Bristol, zinahusu Atlantiki: Afrika Magharibi, Karibi, Marekani. Mtu wa pwani yetu akiingia akitarajia kuona Kilwa, Bagamoyo, soko la Zanzibar na misafara ya Ujiji, atapata machache au asipate kabisa. Si kwamba zimedanganya, bali kila mji unasimulia meli zake. Liverpool ilipeleka meli upande ule.

Kinachobaki wazi Liverpool bado ni kizuri. World Museum ina samaki, wadudu, sayari na kumbi za tamaduni za dunia chini ya paa moja, na kwa watoto wa chini ya miaka kumi nathubutu kusema inawashika kuliko Natural History ya London, kwa kuwa ni ndogo na hawachoki. Museum of Liverpool, iliyofunguliwa 2011 pale Pier Head, ni makumbusho ya watu wa mji wenyewe: bandari, mpira, muziki, mitaa ya Wachina na ya mabaharia weusi. Mlangoni kwa Town Hall, inua macho: kwenye nakshi za ukuta kuna vichwa vya Waafrika na tembo, vimechongwa na mji uliojua utajiri wake ulitoka wapi. Hilo hulipii, na halifungwi.

Kwa mpenzi wa soka, ziara ya Anfield inalipiwa na haina uhusiano na makumbusho haya, lakini nimejifunza kuwa kijana wa miaka 16 atavumilia asubuhi nzima ya historia akijua mchana anapelekwa uwanjani.

Glasgow: mji unaokupa muda

Glasgow iko Uskoti, mvua ni nyingi, na lafudhi yao itakuchukua siku moja kuizoea. Lakini kwa mwenye siku mbili ndiyo ninayoitaja kwanza.

Kelvingrove, jengo jekundu la mawe lililofunguliwa 1901, limechanganya vitu kwa namna ambayo makumbusho makubwa ya London hayathubutu. Chini tembo aliyekaushwa, juu yake ndege ya kivita ya Spitfire imening'inia, pembeni picha ya Kristo msalabani ya Salvador Dalí ambayo jiji liliinunua mwaka 1952, na mchana mtu anapiga kinanda kikubwa cha mabomba huku watoto wakikimbia. Bibi mmoja wa Tanga niliyempeleka, ambaye makumbusho mawili ya London yalikuwa yamemchosha, alikaa akisikiliza kinanda kile kwa nusu saa na hakutaka kuondoka. Mabenchi yako kila mahali. Hilo lionekane dogo, lakini mzazi wa miaka 70 huchagua mji kwa mabenchi.

Ukitembea robo saa kuteremka mtoni unafika Riverside Museum, jengo la bati lenye paa la mikunjo lililobuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2011. Humo mna magari, tramu, mtaa wa zamani wenye maduka, na injini kubwa ya mvuke iliyojengwa Glasgow ikafanya kazi Afrika Kusini kabla ya kurudishwa. Mtu wa Mwanza au Bukoba asimame hapo kidogo. Mto Clyde unaouona dirishani ndiko ilikotoka meli ya MV Victoria, iliyojengwa na kiwanda cha Yarrow pale Scotstoun, ikapelekwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa, ikaanza kazi Ziwa Victoria mwaka 1961. Ndiyo hiyo hiyo leo inayoitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Nilipomweleza mgeni wangu kutoka Kamachumu, aliyelala kwenye sitaha ya meli hiyo mara nyingi akienda shule, aligeuka kuutazama mto badala ya vitu vya ndani.

Burrell iko mbali kidogo, ndani ya msitu wa Pollok, ilifunguliwa upya 2022 na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya makumbusho bora ya mwaka ya Uingereza. Kwa anayependa mazulia, vyombo vya China na sanaa za Kiislamu, hapo ni mahali pa utulivu wa pekee.

Kwa suala la kurudisha vitu, Glasgow ina rekodi inayonifanya niingie kwenye majengo yake na moyo mwepesi. Mwaka 1999 ilirudisha kwa Walakota, wenyeji asilia wa Marekani, shati lililokuwa takatifu kwao, na 2022 ikakubali kurudisha vitu vya India na shaba za Benin. Jiji pia halifichi kwamba Buchanan Street, Jamaica Street na Virginia Street ni majina ya tumbaku na sukari.

Blantyre, treni fupi kutoka Glasgow

Sasa ule mji mdogo nilioutaja. Blantyre iko kusini-mashariki mwa Glasgow, unapanda treni Glasgow Central na unashuka kabla hata hujamaliza chai yako. Ile Blantyre ya Malawi imepewa jina la hii. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813, katika chumba kimoja cha familia nzima kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, na akiwa na miaka kumi aliingizwa kiwandani. Makumbusho yaliyomo kwenye nyumba hizo yalifunguliwa upya 2021. Kiingilio hulipwa, na ndicho kiingilio pekee katika makala hii ninachokuambia ukilipe bila kufikiri mara mbili.

Sababu yangu si Livingstone. Makumbusho haya yamepangwa upya ili watu waliokuwa naye wawe na nafasi yao: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Sisi tuliosoma shule za Tanzania tunaijua hadithi kwa mstari mmoja, kwamba walibeba maiti yake. Ukiwa pale unaanza kuipima. Alifariki Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba miezi kadhaa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Waliwapoteza wenzao njiani. Wainwright ndiye aliyechonga jina kwenye mti, na akawa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walikuja baadaye mwaka huo huo, wakasaidia kuzifasiri na kuzipanga kumbukumbu za safari zake za mwisho, maana wao ndio walioijua ile njia.

Aliyewahi kuuona mnara wa kanisa la misheni Bagamoyo, ambako mwili ulilazwa usiku mmoja, ataunganisha ncha mbili za safari hiyo mwenyewe. Hakuna ukumbi wowote London ulionifanya nihisi hivyo kuhusu watu waliozungumza lugha yangu.

Miji mingine, kwa ufupi

Edinburgh iko chini ya saa moja kwa treni kutoka Glasgow, na National Museum of Scotland ni bure na ni bora kwa watoto: kondoo Dolly aliyezaliwa 1996, yule aliyenakiliwa maabara kutoka chembe ya kondoo mwingine, yupo ndani ya kabati la kioo, na juu kuna paa la kutazamia mji. Lakini Agosti, wakati wa tamasha, malazi hupanda sana. Lala Glasgow, uende Edinburgh asubuhi.

Manchester inaungana vizuri na Liverpool, chini ya saa moja kwa treni. Manchester Museum ya chuo kikuu ilifunguliwa upya 2023 na mwaka 2025 ikatunukiwa tuzo ya makumbusho ya mwaka ya Ulaya. Ni mahali panapokaribisha mgeni kwa dhati. Science and Industry Museum iko kwenye kituo cha reli cha 1830, cha abiria cha zamani kuliko vyote vilivyosalia duniani. Kuna mashine za pamba, na hapo kumbuka neno merikani: kile kitambaa cha pamba kilichokuwa fedha ya misafara ya bara kilitoka Marekani, na vita vya huko vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, viwanda vya Manchester vilisimama na biashara ya Zanzibar nayo ikageuka. Makumbusho hayo pia yana injini ya treni ya mvuke aina ya Garratt. Zile Garratt kubwa za reli ya Mombasa na Nairobi zilijengwa Manchester na Beyer, Peacock, na moja wapo iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Oxford, saa moja kutoka London, ina Pitt Rivers, ukumbi wa giza uliojaa makabati mpaka juu. Nenda ukijua kwamba wawakilishi wa Wamasai kutoka Tanzania na Kenya walifika hapo, wakaonyesha vitu vitano ambavyo kwa mila zao visingeweza kuuzwa wala kutolewa zawadi, na mazungumzo ya maridhiano na familia husika yakafuata. Cambridge, mwaka 2024, ilipeleka Uganda vitu 39 vya Uganda kwa mkopo wa muda mrefu. Bristol, kama una sababu ya kuwa huko, ingia makumbusho ya M Shed uione sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, iliyoangushwa Juni 2020, imelazwa chali na rangi za waandamanaji zikiwa bado juu yake. Birmingham naiacha: makumbusho yake makuu yamekuwa yakifunguliwa kidogo kidogo baada ya ukarabati mrefu, na mgeni wa siku mbili hapaswi kubahatisha.

Basi uchague vipi

Wiki nzima na mara yako ya kwanza: London siku tatu, kwa maeneo, halafu Glasgow siku mbili ukijumlisha Blantyre. Siku mbili na mzazi mtu mzima: Glasgow, asubuhi Kelvingrove, kesho yake Blantyre. Watoto wadogo na ndugu wako kaskazini mwa Uingereza: Liverpool na Manchester, usihangaike na London. Umefikia London na huwezi kutoka: South Kensington siku moja ya shule, Docklands siku ya pili, British Museum Ijumaa jioni. Mwanafunzi anayesoma historia ya biashara ya watumwa na anaweza kusubiri, aiwekee Liverpool akiba mpaka ifunguliwe.

Mengi ya Liverpool hufungwa Jumatatu, na karibu yote nchini hufungwa kuanzia 24 hadi 26 Desemba, siku ambazo wageni wetu wengi huwa likizo. British Museum hairuhusu masanduku ya magurudumu, kwa hiyo usipite ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Mizigo iache kituoni King's Cross au Euston, ambako wanatunza kwa malipo. Blantyre, siku za kufungua hubadilika kwa majira, kwa hiyo zitazame kabla hujakata tiketi ya treni.